Kona ya Wasomaji: Timu ya chuo imepotelea wapi mzunguko wa pili?

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinahusu timu za vyuo. Waandishi wake ni wale wanaosimama nyuma ya goli kila mechi, jua liwake mvua inyeshe. Tumejibu zenye swali la kufanyiwa kazi. Za kumtukana mwamuzi tumeziweka kando, isipokuwa moja ambayo katikati ya matusi ilikuwa na swali zuri.

Kocha aondoke?

*Salaam wahariri. Timu ya chuo chetu ilicheza mechi saba kabla ya likizo ya Desemba. Tukashinda tano, sare moja, tukafungwa moja. Tuliporudi tumecheza saba nyingine: tumeshinda moja, sare mbili, tumefungwa nne. Kocha ni yule yule na wachezaji wengi ni wale wale. Wenzangu wanataka kocha aondoke. Mabao tuliyofungwa mzunguko wa pili yaliingia dakika hizi: 12, 38, 61, 66, 70, 74, 79, 83, 85, 88, 90. Tatizo ni nini?*
Shabiki wa chuo cha ualimu, Mtwara

Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Mabao 11, na tisa kati yake yameingia kuanzia dakika ya 61. Timu isiyojua kukaba hufungwa wakati wowote. Yenu inakaba vizuri saa nzima, halafu miguu inagoma.

Mchezaji aliyekaa wiki nne bila mazoezi hasahau kupiga pasi. Anachopoteza ni pumzi. Ndiyo maana mechi za kwanza baada ya likizo hudanganya watu: dakika 20 za mwanzo mnaiona timu ile ile ya Novemba, mashabiki wanapiga ngoma, kisha baada ya mapumziko beki wa pembeni anapanda na harudi. Angalieni hilo kabla ya kuangalia matokeo. Beki anayepanda akirudi kwa kutembea dakika ya 55, bao lipo njiani.

Hiyo "wachezaji wengi ni wale wale" usiiseme kwa kukisia, ihesabu. Andika majina 11 yaliyoanza mara nyingi zaidi mzunguko wa kwanza. Kwa kila mechi ya mzunguko wa pili, hesabu wangapi kati yao walianza. Wakiwa tisa au kumi, timu ni ile ile na lawama ina pa kwenda. Wakiwa sita, mnaihukumu timu nyingine iliyovaa jezi za ile ya kwanza. Vyuo vya ualimu ndivyo vinavyoumia zaidi hapa. BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) ikianza, kiungo wenu yuko Newala anafundisha, beki wa kati yuko Liwale, na kocha anapanga kikosi kwa kuangalia nani yupo bwenini. Klabu kama Namungo ikipungukiwa mtu, katikati ya msimu kuna dirisha dogo la usajili. Chuo hakina dirisha, kina mlango wa kutokea tu.

Tena kuna mvua. Kusini msimu wake ni mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mzunguko wa pili wa mashindano ya vyuo huangukia humo. Viwanja vya pwani vyenye mchanga hunywa maji haraka lakini huwa vizito mguuni. Vya bara vyenye udongo wa mfinyanzi huteleza na kuzuia mpira njiani. Timu iliyozoea pasi fupi za chini hukimbia zaidi kupata kile kile ilichokipata Novemba. Pumzi iliyopungua na uwanja mzito vikikutana, dakika ya 61 ndiyo inavyoonekana hivyo.

Sasa kocha. Msimsafishe kabla ya kuuliza jambo moja: sabu yake ya kwanza ilikuwa dakika ya ngapi? Sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuweka wachezaji wa akiba hadi watano, kwa kusimamisha mchezo mara tatu, na mabadiliko ya wakati wa mapumziko hayahesabiwi kwenye hizo tatu. Kama kanuni zenu zinaruhusu watano, mabao yanaingia dakika ya 66 na 70, na yeye anainuka kwenye benchi dakika ya 82, hapo ana swali la kujibu. Kwa timu iliyotoka likizo, viungo wawili wa kati na beki wa pembeni anayepanda ndio wa kubadilishwa kwanza, kati ya dakika ya 55 na 65, hata kama wanacheza vizuri. Kumtoa anayecheza vizuri kunawaudhi mashabiki, nanyi mjitayarishe kuudhika.

Kwa Desemba ijayo, kila mchezaji aondoke na ratiba mfukoni: siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Apashe moto misuli dakika 10. Akimbie dakika nne kwa kasi ambayo hawezi kuongea sentensi nzima, kisha dakika tatu za kwenda polepole, arudie mara nne. Amalizie kwa mbio fupi sita za mita 30, akitembea kurudi. Walioko pwani wakimbilie ufukweni maji yakiwa yametoka, kwenye mchanga uliolowa na kushikana. Mchanga mkavu unaozama ni mzuri kwa dakika chache, lakini mwenye maumivu ya kisigino au mshipa wa nyuma ya mguu ataurudisha kambini ugonjwa. Wakirudi chuoni, wiki ya kwanza isiwe na mechi ya ushindani.

Daftari la shabiki

*Mimi ni katibu wa kikundi cha mashabiki. Kila mwisho wa msimu tunabishana, huyu anasema straika mbovu, yule anasema beki. Nataka kuweka kumbukumbu za mechi. Niandike nini?*
Mikindani

Nunua kaunta buku na penseli mbili. Penseli, si kalamu ya wino: karatasi ikipata unyevu kalamu hugoma, penseli inaendelea kuandika. Kila mechi ipewe kurasa mbili zinazotazamana, kushoto timu yenu, kulia wapinzani.

Juu kabisa andika tarehe, uwanja, saa mpira ulipoanza, hali ya uwanja (mkavu, laini, una madimbwi) na upepo unavumia goli gani. Upepo watu huusahau, na Mtwara na Lindi kuusahau ni kosa. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi hupiga kwa nguvu, na jioni ndio wakati wa mpira. Krosi ndefu na mpira wa goli vinavyopigwa dhidi yake hurudi. Kama mabao yenu mengi yanaingia mkicheza na upepo mgongoni, mtajua kwa nini nahodha achague goli anaposhinda kura ya sarafu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, mshindi wa kura anaweza kuchagua goli au kuanza mpira.

Chini ya hapo chora uwanja mdogo uliogawanywa mafungu matatu: theluthi yetu, ya kati, yao. Kila shuti weka nukta mahali lilipopigiwa. Lililolenga goli lizungushie duara, lililokuwa bao lijaze duara. Pembeni weka dakika za mabao, sabu na kadi. Kila bao, mlilofunga au mlilofungwa, lipe herufi moja: T kwa mpira wa kutenga (kona, adhabu, wa kurushwa), K kwa krosi, S kwa shambulizi la kushtukiza, B kwa kosa binafsi, P kwa penalti. Bao ambalo huna uhakika nalo, jiulize mpira ulipotezwaje au ulianzaje, usiulize nani alifungwa tobo.

Mtu mmoja asijaribu kuandika vyote, atakosa mechi yenyewe. Gawaneni: mmoja mashuti, mmoja dakika, mmoja mipira mnayopoteza kwenye theluthi yenu, kwa vijiti vitano vitano kama wanavyohesabu mafungu ya samaki. Huyu wa tatu ndiye mwenye kazi chungu, na ndiye atakayemaliza ubishi wenu. Timu inayopoteza mipira 15 kwenye theluthi yake kwa kipindi haina tatizo la straika.

Baada ya mechi tano, soma. Ukiona mashuti 14 na yaliyolenga goli matatu, angalia nukta zipo wapi. Zikiwa nje ya kumi na nane, yaani nje ya boksi la penalti, straika hana bahati mbaya. Analazimishwa kupiga kutoka mbali kwa sababu hakuna anayemfikishia mpira. Zikiwa ndani ya boksi na bado hazilengi, hapo mlaumuni. Ukiona T nne kwenye mabao saba mliyofungwa, mazoezi ya Jumatano yaanze na kona.

Makosa ya kawaida ni mawili. Moja ni kuandika baada ya mechi kwa kukumbuka: kichwa cha shabiki hukumbuka bao la mwisho na kadi nyekundu, basi. La pili ni kuandika maneno kama "uzembe" au "mwamuzi". Daftari halina safu ya hasira.

Kona imetoka wapi?

*Kipa wetu kadaka krosi vizuri, kasimama, anatafuta wa kumpa, mara mwamuzi kainua mkono halafu KATOA KONA! Tangu lini kipa kudaka ni kona? (Mengine tumeyapunguza. Wahariri.)*
Magomeni, Mtwara

Tangu sheria za msimu wa 2025/26. Zamani kipa alipewa sekunde sita na adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na waamuzi karibu wote waliipuuza. Sasa ni sekunde nane, na akizidisha wapinzani wanapewa kona. Hesabu huanza kipa akishaumiliki mpira mikononi bila mtu kumzuia. Mkono ulioinuliwa ndio hesabu yenyewe: mwamuzi huonyesha sekunde tano za mwisho kwa vidole. Kosa la kwanza halina kadi, akirudia rudia ndiyo anaweza kupewa. Kwa hiyo mwamuzi wenu alikuwa sahihi, na ninyi nyuma ya goli mngeweza kumsaidia kipa kwa kuhesabu kwa sauti badala ya kushangilia udakaji.

Penalti iliyosogea

*Uwanja wa chuo chetu tunauchora wenyewe wanafunzi. Mechi iliyopita wapinzani walilalamika kwamba nukta ya penalti iko karibu, na kweli ilionekana hivyo. Tunapimaje kwa usahihi bila fundi? Na chokaa haikai, mchanga unaimeza.*
Kamati ya uwanja, Lindi

Nukta husogea kwa sababu watu huipima kwa hatua, au huanza kupima nyuma ya mstari wa goli, kwenye nyavu. Mita 11 zinahesabiwa kutoka mstari wa goli, katikati kabisa ya nguzo mbili. Hatua 12 za mtu mrefu na hatua 12 za mtu mfupi zinapishana zaidi ya mita moja, na mita moja kwa kipa ni kubwa mno.

Mnahitaji tepu ya mita 50, kamba ya manila isiyovutika, vigingi kumi na nyundo. Anzeni na goli. Ndani ya nguzo hadi ndani ya nguzo ni mita 7.32. Chini ya mwamba hadi ardhini ni 2.44, na pimeni katikati si pembeni, kwa sababu mwamba wa mbao huinama na mchanga hujazana mdomoni mwa goli. Goli la mita 2.35 si jambo la ajabu kwenye viwanja vya shule.

Pembe mraba ndiyo inayowashinda wengi. Kutoka kwenye kona ya uwanja, pimeni mita 6 kwenye mstari wa goli, weka kigingi, kisha mita 8 kwenye mstari wa pembeni, weka kigingi. Umbali kati ya vigingi hivyo viwili uwe mita 10 kamili. Ukizidi au kupungua, sogezeni mstari wa pembeni, mstari wa goli uacheni.

Eneo la penalti: kutoka upande wa ndani wa kila nguzo, pimeni 16.5 kwenda pembeni, kisha 16.5 kuingia uwanjani. Upana wote ni 40.32. Kuhakikisha, vuteni tepu kutoka mguu wa nguzo hadi kona ya boksi ya upande huo huo: ikisoma 23.33 pembe iko sawa. Eneo dogo la goli ni kwa mtindo huo huo, kwa mita 5.5, upana 18.32. Nukta ya penalti ikishawekwa, pimeni kutoka hapo hadi mguu wa nguzo ya kulia, kisha ya kushoto, upande wa ndani. Zote mbili zisome 11.59. Vipimo viwili vikipishana, nukta imelala upande mmoja. Vikilingana lakini ni 10.8, wapinzani wenu walikuwa na haki.

Nusu duara juu ya boksi huchorwa kwa kamba ya mita 9.15 kutoka kwenye nukta ya penalti, si kutoka mstari wa boksi. Kosa hili liko kila mahali. Duara la katikati ni kamba hiyo hiyo.

Kuhusu chokaa: uwanja wa mita 100 kwa 64 una mistari ya karibu mita 690, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 25 hautoshi, na anayebana matumizi huishia kuchora uzi. Mstari usizidi sentimita 12. Mchanga ukiwa mkavu, nyunyizieni maji kwa ndoo yenye matundu kwenye njia ya mstari kwanza, ukishikana ndipo mmwage chokaa, na juu yake mnyunyizie tena kidogo. Tumieni chokaa iliyokwisha zimwa, ile ya kupaka ukuta. Chokaa mbichi ikikutana na jasho au jicho la kipa anayejirusha inaunguza zaidi. Na msishawishike na oili chafu ya gari: mstari unakaa mwezi, kweli, lakini nyasi zinakufa na jezi hazitakati.

Maji, dafu na korosho

*Sisi ndio tunaoandaa maji na chakula cha timu siku ya mechi. Mpira unaanza saa 10 jioni. Tunawapa nini, kiasi gani? Wengine wanasema dafu linatosha, wengine wanakula korosho kupata nguvu. Wachezaji wanabanwa sana na misuli kipindi cha pili.*
Dada wa kamati ya huduma, Mtwara

Chakula kiwe kimeliwa kabla ya saa 7 mchana: wali au ugali, samaki wa mchuzi mwepesi, mboga kidogo, ndizi mbivu. Maharage yapungue siku hiyo, sababu yake mnaijua. Korosho ni nzuri, lakini siku nyingine. Zina mafuta mengi, na mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Mchezaji anayetafuna konzi mbili saa 9 anakimbia na tumbo lililojaa. Mpeni baada ya mechi.

Maji: nusu lita kwa kila mtu saa 8 mchana, ili anayehitaji kwenda haja ndogo aende mapema. Akishapasha moto, mafunda machache. Kila mchezo unaposimama kwa muda, na wakati wa mapumziko, kikombe kimoja cha kati kwa mara moja, asigugumie lita nzima. Kwa kikosi cha watu 18 hesabuni lita 27, yaani lita moja na nusu kila mmoja. Dumu mbili za lita 20 zilizochemshwa na kupoa, ziwe kivulini, si kwenye boneti ya gari.

Dafu ni tamu na lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni ndogo, na jasho linatoa chumvi. Mtu anayetoka jasho mpaka jezi inabaki na michoro myeupe huyo ndiye anayebanwa misuli kwanza. Mwekeeni chumvi kidogo ya kubana kwa vidole kwenye dafu lake, au mtengenezee maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onjeni. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mmezidisha, myamwage. Lakini kubanwa kwingi hutokana na uchovu, kwa hiyo maji peke yake hayatatibu kile tulichomwandikia ndugu wa chuo cha ualimu hapo juu.

Sheria zinaruhusu kanuni za mashindano kuweka kusimama kwa kunywa maji kusikozidi dakika moja, na kwa joto kali kusimama kwa kupoza mwili kwa sekunde 90 hadi dakika tatu. Kusimama huko kunaombwa kwa kamisaa wa mchezo kabla ya mechi, si kwa kupiga kelele dakika ya 30.

Mchezaji akianza kuongea ovyo, kuyumba, au kushindwa kujua matokeo, hayo si uchovu. Mtoeni, kivulini, mvueni jezi, mmwagieni maji mwilini na kumpepea, na apelekwe hospitali huku mkiendelea kumpoza. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Pointi sawa, mabao sawa

*Tumemaliza na pointi 19, tumefunga 21 na kufungwa 12. Wenzetu pointi 19, wamefunga 16 na kufungwa 7. Sote tuna tisa za ziada. Sisi tumefunga mengi lakini wao wamepelekwa nusu fainali. Tumedhulumiwa?*
Masasi

Hujaeleza mlipokutana nao ilikuwaje, na jibu liko hapo. Kuna njia mbili zinazotumika duniani na zote ni halali. Kombe la Dunia la 2022 lilianza na tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Kwa njia hiyo ninyi mngepita. AFCON huanza na matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Kama waliwafunga na kanuni zenu ni za mtindo wa AFCON, wamepita kihalali hata kama mngefunga 40. Kanuni hugawiwa kwenye kikao cha viongozi wa timu kabla ya mashindano, na humo ndimo ulipo muda wa kukata rufaa na ada yake. Muda huo ni mfupi.

Mpira wa vyuo wa Marekani

*Mpwa wangu anasoma Marekani. Kila Jumapili ananiandikia "tuko 9 na 3", "tumeshuka kwenye orodha", na anahuzunika kama kafiwa. Mimi nilidhani mpira ni huu wetu. Nimfuateje?*
Mjomba, Lindi mjini

Mjomba, huo ni mpira wa mikono zaidi kuliko miguu, wenye mpira uliochongoka kama fenesi changa. Mechi ya kwanza ya vyuo ilichezwa Novemba 1869, Rutgers wakawafunga Princeton 6 kwa 4, na ile ilikuwa bado inafanana na mpira wetu. Huu wa leo ulikuja kutokana na mabadiliko ya baadaye.

"9 na 3" ni mechi walizoshinda na walizopoteza. Sare hazipo tangu 1996, wanaendelea mpaka mmoja ashinde. Mechi za kawaida ni 12 tu, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwanzo wa Desemba, na karibu zote ni Jumamosi. Hapo ndipo huzuni ya mpwa wako inapotoka: kwa mechi 12, kupoteza moja mnamo Septemba kunaweza kuharibu Januari nzima. Tena hakuna msimamo mmoja wa pointi kwa timu zaidi ya 130 za daraja la juu. Zinapangwa kwa kura na kamati. Unaweza kushinda na bado ukashuka, kwa sababu ulishinda kwa taabu mbele ya timu dhaifu. Tangu msimu wa 2024, timu 12 ndizo zinazoingia kwenye mtoano wa ubingwa.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa. Ikifika, inapewa manne mengine. Ikishindwa, wapinzani wanachukua. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi sita, na nafasi ya kuongeza moja kwa teke au mbili kwa kuuingiza tena. Teke la kupitisha katikati ya nguzo ni tatu.

Mechi ya saa 6 mchana pwani ya mashariki ya Marekani huwa saa 1 usiku huku Lindi, na wakisharudisha saa zao nyuma mapema Novemba inakuwa saa 2. Ile ya usiku wao ni alfajiri yetu ya Jumapili, usikeshe. Mwulize mpwa wako mambo mawili, atafurahi: wachezaji wangapi wa mwaka wa nne wanaondoka, na nani anarusha mpira mwakani. Nao huko wanavunjiwa kikosi na mahafali, kama vyuo vyetu.

Fainali gizani

*Fainali yetu ilianza saa 10 kamili, ikaenda dakika 30 za nyongeza, matuta yakapigwa kwa tochi za simu. Tulipanga vibaya wapi?*
Nachingwea

Saa ya kuanza. Vipindi viwili vya dakika 45, mapumziko 15 na dakika za majeruhi vinafika karibu saa 11 na dakika 50. Nyongeza na mapumziko yake mafupi inafika karibu saa 12 na nusu, na katikati ya mwaka jua kwenu linazama saa 12 na dakika chache. Mechi yoyote ya mtoano isiyo na taa ianze saa 9 alasiri, si zaidi ya saa 9 na robo. Kama joto linawatisha, ombeni kusimama kwa kupoza mwili kila kipindi, na andikeni kwenye kanuni kabla ya robo fainali kama sare itaenda nyongeza au moja kwa moja kwenye matuta. Kwenda moja kwa moja kunaokoa dakika 35.